Kinjikitile wa Ngarambe na Ishara ya Maji

Tarehe 4 Agosti, mwaka 1905, huko Mohoro, karibu na mahali mto Rufiji unapoingia baharini, Wadachi walimnyonga mtu mmoja ambaye hakuwa sultani wala jumbe, wala hakuwa na jeshi lake mwenyewe. Jina lake Kinjikitile Ngwale. Vita alivyonyongewa vilikuwa na siku chache tu tangu kuanza, naye hakupata kuviona vikienea. Hata hivyo, vita hivyo vyaitwa mpaka leo kwa jina la kitu alichowapa watu mikononi: Maji Maji. Vita vingi ulimwenguni hupewa jina la nchi vilikopiganwa, au jina la mtawala aliyevianzisha. Vita hivi vilipewa jina la ishara.

Hiyo ndiyo sababu ya kumchagua mtu huyu katika ukurasa wetu wa juma hili. Wako vijana wengi katika jamaa zetu wanaotamani kutunga hadithi na michezo ya kuigiza, na baadhi yao wataka kutunga zenye imani ya Kikristo ndani yake. Wote hukutana na swali lile lile: ishara hutumiwaje, hata jambo dogo lionekanalo kwa macho lichukue maana kubwa isiyoonekana? Kanuni ziko, na walimu wazifundisha. Lakini pwani yetu ya Kilwa na Lindi inayo habari ya kweli inayofundisha kuliko kanuni, kwa maana ishara ile ilijaribiwa kwa damu ya watu.

Kinjikitile alikaa Ngarambe, upande wa magharibi wa milima ya Umatumbi, kaskazini-magharibi ya Kilwa. Nchi ile ni ya vilima na mabonde, na maji yake hukimbilia Rufiji, mto ambao ukifurika hulisha watu na ukipungua huwaacha na njaa. Wenyeji wa huko walijua tangu zamani kwamba uhai wao wategemea maji. Waliamini kuwa mtoni kuna mizimu wenye nguvu, na kwamba Bokero, aliyekaa Rufiji, ndiye wa kuendewa na wenye shida ya mvua na mazao. Watu walifunga safari kutoka mbali kwenda kuomba huko. Basi maji yalikwisha kuwa na heshima katika nchi ile kabla Kinjikitile hajasikika.

Tena wakati ule ulikuwa wa uchungu. Serikali ya Kidachi ilikuwa imeanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898. Tangu mwaka 1902, wakati wa Gavana Götzen, watu wa pwani ya kusini walianza kulazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya maakida na majumbe. Kazi ya pamba iliangukia majira yale yale ya kulima chakula, na malipo yake yalikuwa madogo mno. Aliyechelewa shambani alipigwa kiboko mbele ya wenziwe, na kwake mtama ulimea pamoja na magugu. Pamba yenyewe ni nyeupe na laini, lakini kwa Mmatumbi wa siku zile ikawa alama ya fimbo na njaa. Hakuna mtungaji aliyeibuni alama hiyo. Ilitoka katika jasho la watu.

Mwaka 1904, kama wazee walivyosimulia baadaye, Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Inasemekana alianguka kifudifudi, akaburutwa na nguvu isiyoonekana mpaka kwenye dimbwi la mto, akatoweka majini. Jamaa zake walijaribu kumshika wakashindwa, wakaketi kumngoja kwa kilio, wakidhani wamekwisha kumpoteza. Siku ya pili, wasimulizi walisema, alitoka majini mzima na nguo zake kavu, akaanza kunena mambo ya kinabii. Sisi hatuwajibiki kuamini kwamba nguo zile zilikuwa kavu. Lakini mtungaji na atazame jinsi masimulizi yenyewe yalivyojengwa: mtu anazama, jamaa wanalia, usiku mmoja unapita, mtu anatoka akiwa na ujumbe. Wazee wale hawakusoma darasa la utungaji, wala hawakueleza kuzama kule kwamaanisha nini. Walisimulia tu, na kila msikilizaji akafahamu.

Habari zikaenea. Zilipelekwa kwa siri, kwa kunong'onezana, kijiji kwa kijiji, na watu wakaanza kumiminika Ngarambe makundi kwa makundi. Wadachi na maakida wao waliziona safari hizo, wakadhani ni watu waendao kutafuta dawa ya mazao. Kinjikitile aliwagawia wageni wake maji yaliyochanganywa na vitu vya nyumbani kama mafuta ya mbarika na mbegu za nafaka. Wengine waliyanywa, wengine walinyunyiziwa, wengine wakayachukua ndani ya vijiti vya mwanzi na kuyavaa shingoni. Waliambiwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji, zisimdhuru mtu aliyeyapokea.

Inafaa tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye siri ya ishara ile. Maji yale yalikuwa na maana nyingi kwa pamoja. Kwa mkulima yalikuwa mvua. Kwa aliyepoteza wazee wake yalikuwa habari njema, kwa sababu Kinjikitile alifundisha kuwa waliokufa hawajapotea, bali wako kwa Bokero. Kwa askari yalikuwa ngao. Na kwa wote yalikuwa agano. Mmatumbi, Mkichi na Mngindo, ambao kila mmoja alikuwa na mizimu yake, jumbe wake na ugomvi wake wa zamani, walikunywa dawa moja, wakaanza kuitana ndugu. Wadachi walikuwa wamezoea kuwapiga watu hao kabila baada ya kabila. Muda wa mwaka mmoja tu, kikombe cha maji kilifanya kazi ambayo hakuna sultani wa kusini aliyekuwa ameiweza.

Kinjikitile aliwaambia watu wangoje amri yake. Aliwaacha wafanye mazoezi ya vita, lakini hakutoa neno la kuanza. Miezi ikapita. Pamba ikakomaa tena, viboko havikupungua, na watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi wakachoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba la Nandete wakang'oa miche michache. Hawakuchoma shamba zima, wala hawakumwua mtu siku ile. Ile miche michache ilitosha. Kila aliyeiona imelala chini na mizizi juu alijua kwamba vita vimetangazwa, na akida naye alijua. Ishara iliyo kweli haihitaji kuwa kubwa.

Siku chache baadaye Kinjikitile alikamatwa, akapelekwa Mohoro, akanyongwa. Wasimulizi walisema kwamba kabla ya kufa aliwaambia waliomhukumu kuwa kifo chake hakibadili kitu, kwa kuwa dawa yake imekwisha kufika mbali. Hapo maneno yake yalikuwa kweli tupu. Mwezi ule ule wa Agosti moto ulishika Kilwa, Liwale na bara ya Lindi, ukapanda mpaka Mahenge, na baadaye Songea. Wajumbe wa maji walitangulia, na vita vikawafuata nyuma.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, wakienda mbele bila kujificha, kwa kuwa walikuwa wameyapokea maji. Bombom za Wadachi ziliwapokea. Wakaanguka safu juu ya safu, na risasi hazikuwa maji. Katika sehemu nyingi watu waliacha kuitegemea dawa, ila vita havikwisha. Waliendelea kupigana kwa kuvizia porini, kwa maana sababu zilizowafanya wapigane zilikuwa bado zipo. Ndipo Wadachi wakageukia silaha nyingine: walichoma vijiji, wakateketeza mashamba na ghala za chakula. Njaa ikamaliza kazi. Vita vilipokoma mwaka 1907, hesabu ya serikali ya Kidachi ilitaja waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria idadi kubwa zaidi, hata kufikia 250,000 au 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa wala si kwa risasi.

Jamaa za Kikatoliki zina kumbukumbu yake katika habari hii, wala haifai kuificha. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, Vikari wa Kitume wa Dar es Salaam, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka pwani kwenda bara. Yeye ndiye aliyekuwa ameanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898. Misioni ya Nyangao, katika bara ya Lindi, nayo ilishambuliwa ikachomwa. Waliowaua walikuwa wamekunywa maji ya Ngarambe. Waliouawa walikuwa wamekuja kuwaletea watu maji ya Ubatizo. Mtungaji Mkristo akitaka kuandika habari za siku ile, hapana budi ayachukue maji yote mawili kwa pamoja. Akimfanya Mmatumbi kuwa mnyama wa porini, ameisahau fimbo ya akida. Akimfanya Askofu kuwa mmoja wa wapiga viboko, ameisahau haki. Hadithi iliyo kweli itawahurumia wote walioanguka, na kuiacha huzuni ikae mahali pake.

Baada ya vita jina la Kinjikitile lilibaki katika masimulizi ya wazee wa Umatumbi na Rufiji. Katika miaka ya 1960, nchi ilipokuwa imekwisha kupata uhuru, mwanahistoria Gilbert Gwassa aliwaendea wazee hao akakusanya kumbukumbu zao, na mwaka 1968 yeye na John Iliffe wakazitolea kitabu. Mwaka uliofuata, 1969, ulitokea mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, kazi ya Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, aliyezaliwa mwaka 1943. Mchezo huo umesomwa na wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki, na kwa wengi wao ndio uliowajulisha habari hii kwa mara ya kwanza.

Hussein mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wa mchezo wake ni kiumbe cha fikira zake, wala si yule mtu wa historia. Hata jina ameliandika kwa namna tofauti kidogo. Alichofanya ni kuingia mahali ambapo historia imenyamaza, yaani ndani ya moyo wa mtu yule. Katika mchezo wake, Kinjeketile anatoka mtoni na ujumbe wa umoja na maji, na watu wanafurahi. Kisha anaanza kuingiwa na shaka. Anatambua kwamba neno lile lile lililompa nguvu linaahidi kuwaweka watu wake chini ya Seyyid Said, yaani kuwatoa kwa bwana mmoja na kuwatia kwa bwana mwingine. Anataka kuwazuia, lakini amechelewa. Watu wamekwisha kuyashika maji kuliko wanavyomshika yeye. Anagundua kuwa ameumba kitu kikubwa kuliko nafsi yake. Mwisho, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Anajua kuwa akisema hivyo, watoto wataambiwa kwamba hata kupigania haki kulikuwa uongo.

Angalia basi kazi ambayo maji yanafanya katika mchezo huo. Mwanzoni ni mto, na mto wa kweli, unaolowesha mtu. Kisha ni dawa. Kisha ni umoja. Kisha ni mtego. Mwisho ni kumbukumbu ambayo mtu yuko tayari kuifia ingawa hana hakika nayo. Kitu ni kile kile, maana yake yakua kwa kadiri watu wanavyoumia. Mtungaji hakusimama pembeni ya jukwaa kutufasiria. Aliwaacha watu wake watende, maji yakajaa maana yenyewe.

Kutokana na hayo twaweza kuwapa watungaji wetu vijana mashauri machache. La kwanza, ishara itokane na nchi ya hadithi na maisha ya watu wake. Maji yalikuwa na nguvu Umatumbi kwa sababu watu wa huko waliishi kwa maji. Anayeandika habari za wavuvi wa Kivinje, akatafuta ishara katika theluji na mti wa msonobari kwa kuwa amezisoma katika vitabu vya Ulaya, atapata pambo tu. Na aangalie kwanza nyavu, mawimbi, mikoko na chumvi.

La pili, ishara iwe kitu kwanza. Yapasa msomaji aweze kukigusa na kukionja kabla hajaulizwa maana yake. Maji ya Kinjikitile yalinyweka. Miche ya Nandete ilikuwa na udongo kwenye mizizi. Kuna namna nyingine ya utungaji, nayo ni nzuri: Marehemu Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliunda nchi nzima ya mfano, ambamo hata jina la nchi na majina ya watu yanatangaza maana yake. Hiyo ni njia ya fumbo lililo wazi, nayo yafaa kwa anayetaka kuwafundisha watawala bila kuwataja. Lakini yataka mkono wa bingwa, kwa kuwa mwanafunzi akiijaribu, watu wake huwa majina yanayotembea bila nyama wala damu.

La tatu, ishara isiwe na maana moja tu. Kama maji yale yangekuwa ngao pekee, habari ingekwisha Mahenge risasi ya kwanza ilipopenya. Haikwisha, kwa sababu maji yalikuwa pia agano na kumbukumbu. Tena ishara isielezwe. Anayemwambia msomaji kwamba taa hii ni imani na giza hili ni dhambi, amemnyang'anya furaha ya kuona mwenyewe. Mara nyingi Bwana wetu aliwasimulia makutano mifano kama ya mpanzi na chachu, akawaacha waende nayo nyumbani wakaitafakari.

La nne ni zito kuliko yote, nalo lamhusu msomaji sawa na mtungaji. Ishara huelekeza mtu kwenye jambo lililo mbele yake. Mtu akisimama kwenye ishara yenyewe akaifanya ndiyo nguvu, imegeuka talasimu. Maandiko yanao mfano wake. Katika Kitabu cha Hesabu, Musa alitengeneza nyoka wa shaba jangwani, watu walioumwa wakamtazama wakaishi. Miaka mingi baadaye, kama Kitabu cha Wafalme kisemavyo, watu walikuwa wakimfukizia ubani nyoka yule yule, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Shaba haikuwa imebadilika; waliobadilika ni watazamaji. Tena Injili ya Yohane inamrudia nyoka yule, na kumfanya ishara ya Mwana wa Mtu atakayeinuliwa juu. Ishara iliyovunjwa ikapata maana yake tena, kwa sababu ilirudishwa kazini mwake, yaani kuonyesha.

Maji ya Ngarambe yalipowaonyesha watu udugu wao, yalifanya jambo ambalo taifa letu lingali likilikumbuka kwa heshima. Yalipowekwa badala ya ngao mbele ya bombom, yaliwapoteza vijana kwa maelfu. Kinjikitile aliuawa kabla ya kuyaona hayo ya pili. Tungependa kujua angesema nini, na pengo hilo ndilo lililomwita mtungaji wa mchezo. Nasi Wakristo tunaonyunyiziwa maji mlangoni mwa kanisa, na tunaowapeleka watoto wetu kwenye kisima cha Ubatizo, hatuna ruhusa ya kuwacheka watu wale. Yatupasa kujiuliza kama nasi, siku nyingine, hatuyachukui maji hayo kama vijiti vya mwanzi shingoni, tukitumaini kwamba yatatukinga na risasi bila kutudai udugu.

Huko Nandete, katika wilaya ya Kilwa, umejengwa mnara wa kuwakumbuka watu wa Maji Maji. Wanafunzi wanaokwenda huko wafanye vema kutazama pia ardhi iliyouzunguka: vilima, vijito, na mashamba ambamo siku hizi mtu hulima kwa hiari yake. Kinjikitile Ngwale hakuacha kitabu. Aliacha neno moja, nalo ni neno la kila siku ambalo mtoto hulisema akiona kiu. Mtungaji akiweza kulichukua neno la kila siku kama hilo, akaliandika bila kulitia chumvi, na msomaji akalisikia kama analisikia kwa mara ya kwanza, basi amejifunza sehemu kubwa ya kazi yake.